Kipuri kidogo cha bastola: kipi ubadilishe mwenyewe, kipi umpelekee fundi

Mwenye bastola mpya akitaka kubadilisha kipuri chake cha kwanza, swali analouliza karibu kila mara ni moja: kazi yenyewe ni ngumu? Swali hilo halimsaidii sana kuchagua. Kuna kazi za kutoa jasho ambazo ukizikosea hasara yake ni mkwaruzo kwenye slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi mbele bastola ikilia), na kuna kazi za dakika tano ambazo ukizikosea bastola inaweza kulia wakati hukukusudia ilie. Ukubwa wa kipuri nao hausemi kitu. Ndani ya baadhi ya bastola kuna springi ndogo kama ile ya kalamu ya wino ambayo ndiyo peke yake inayozuia risasi isitoke bastola ikianguka sakafuni.

Mimi hupanga kazi zote kwa swali jingine: kipuri hiki kikikaa vibaya, bastola itafanya nini? Majibu ni matatu. La kwanza, itagoma: itakwama, haitalisha risasi, au kishikio kitacheza mkononi. La pili, italia kama kawaida lakini risasi itakwenda pembeni. La tatu, italia isipotakiwa kulia, au sefti (kifungio cha usalama) itakuwa imewekwa na haizuii chochote. Kazi za kundi la kwanza anayeanza azifanye mwenyewe, tena zitamfundisha bastola yake. Za kundi la pili anaweza, akiwa na vifaa na akiwa tayari kurudia. Za kundi la tatu ni za fundi silaha, hata pakiti ya kipuri iwe imeandikwa kwamba kinaingia bila kuchongwa.

Jambo la sheria nalitaja mapema kwa sababu linaweza kumaliza mjadala kabla hujashika bisibisi. Springi, vilengeo na vibao vya kishikio kwa kawaida havihesabiwi kuwa silaha, lakini mtutu na slaidi ni habari nyingine. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaweka mtutu, fremu (mwili wa chini wenye kishikio na triga) na slaidi katika sehemu za msingi za silaha. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaitazama fremu kuwa ndiyo silaha yenyewe. Kwingine mpaka umewekwa mahali pengine, na si kila nchi inamruhusu mwenye leseni kufungua silaha kupita hatua za kuisafisha. Muulize aliyekupa leseni kabla ya kuagiza kitu.

Na kabla ya kufungua, toa risasi kwa mpangilio wake: magazini kwanza, kisha vuta slaidi, ifunge nyuma, tazama chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho, halafu ingiza kidole uthibitishe. Anayevuta slaidi magazini ikiwa bado ndani anatoa risasi moja na kuingiza nyingine palepale, kisha anaamini ameimaliza kazi. Risasi zote zihamie chumba kingine. Hili lina uzito zaidi kwa bastola kama Glock, ambazo huwezi kuzifungua bila kwanza kuvuta triga.

Vibao vya kishikio: shule nzuri, ila tazama chini yake

Kama unataka kazi ya kwanza kabisa, ni hii. Bastola aina ya Makarov ina skrubu moja tu nyuma ya kishikio. Ukiifungua, kishikio kizima kinateleza kwenda nyuma. Bastola aina ya 1911 ina skrubu nne, mbili kila upande, na kila moja inaingia kwenye kikombe kidogo cha chuma ambacho nacho kimefungwa kwa nyuzi za skrubu ndani ya fremu. Skrubu ikiwa imekazwa kupita kiasi, ukiizungusha inatoka pamoja na kikombe chake. Si msiba, lakini usikirudishe kikombe kwa kulazimisha, maana nyuzi za fremu zikiharibika umeingia kwenye kazi ya fundi. Kibao cha kushoto cha 1911 kina kazi ya ziada pia: kinaegemeza bomba dogo lenye springi ya sefti na ya kizuizi cha slaidi. Kibao cha bei ya kutupwa kisichobana vizuri mahali hapo kinaliacha bomba lile lining'inie kwa nguvu zake lenyewe.

Beretta 92 nayo ina jambo lake. Chini ya kibao cha kulia kuna springi ya upau unaounganisha triga na nyundo ya bastola, na ukitoa kibao springi hiyo inabaki wazi. Ipige picha ilivyokaa kabla hujaigusa, kisha iache hapo ilipo.

Kwa upande wa malighafi ya kuchagua, mti unapendeza na huteleza mkono ukilowa jasho. Mpira unashika mkono vizuri, lakini unashika na shati ukiibeba bastola chini ya nguo. Vibao vya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ndivyo vigumu kuliko vyote. Vikichongwa mistari mikali vitakuchubua kiganja kabla ya kisanduku cha risasi kuisha. Kwa anayeanza ningechukua mpira na kusonga mbele.

Springi ya magazini na springi ya kurudisha slaidi

Hizi mbili huchanganywa, ilhali dalili zake zinatofautiana. Springi ya magazini ikichoka, risasi haipandi kwa wakati: slaidi inapita juu yake, au inaigonga ikiwa bado imeinama, au haibaki nyuma magazini ikiisha. Springi ya kurudisha slaidi ikichoka, slaidi inakuja mbele bila nguvu na kuishia milimita kadhaa kabla ya kufunga, na maganda yanarushwa mbali kuliko zamani.

Kabla ya kununua chochote, badilisha magazini. Bastola ikikwama kwa magazini moja tu na kwa nyingine inakwenda salama, umeshapata jibu bila kufungua kitu. Watu hununua springi za slaidi wakati tatizo lilikuwa kwenye midomo ya magazini iliyopinda.

Springi ya magazini ni rahisi: unabonyeza kitufe chini, unatelezesha kifuniko, springi inakuja. Inakuja kwa kasi, kwa hiyo gumba liwe juu yake na miwani iwe machoni. Upande unaotazama juu na upande unaotazama mbele havibadilishani, basi laza ya zamani mezani sambamba na mpya kabla ya kuiingiza. Springi ya zamani kuwa fupi kidogo ni kawaida. Kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa, hivyo magazini ya mazoezi ndiyo huisha kwanza.

Springi ya slaidi ndiyo penye uchaguzi wa kweli, kwa sababu madukani utakuta za namna mbili. Kuna iliyofungwa pamoja na fimbo yake, inayotoka na kuingia kama kipande kimoja, na kuna iliyo huru. Glock hutumia ya kwanza. Kuibadilisha ni sehemu ya kuisafisha bastola: unatoa slaidi, unainua ya zamani, unaweka mpya. 1911 na Makarov hutumia ya huru. Kwenye 1911 ya kawaida kuna kifuniko chini ya mdomo wa mtutu kinachobanwa na springi nzima. Ukizungusha pete ya mtutu huku kidole hakijakikinga, kifuniko kitaruka hadi ukutani, au usoni kwako. Kwenye Makarov springi inavaa mtutu wenyewe, na ncha yenye pete nyembamba ndiyo inayotangulia kuvalishwa. Ukiigeuza haitakaa inavyotakiwa.

Kwa anayeanza, iliyofungwa inashinda bila mabishano. Wauzaji watakuonyesha pia fimbo ya chuma ya kuweka badala ya ile ya plastiki ya Glock, yenye springi huru unayoweza kubadilisha ukali wake. Ni kitu kizuri kwa mpiga shabaha anayejitengenezea risasi na kujua kasi yake. Kwa mwingine yeyote, amenunua nafasi zaidi za kukosea.

Tazama na kizazi cha bastola. Glock 17 ya kizazi cha tatu ina springi moja. Ya kizazi cha nne, iliyotoka 2010, ina springi mbili zilizovishana, na hazibadilishani. Kuandika "Glock 17" peke yake kwenye oda hakutoshi.

Kuna imani imeenea kwamba springi kali zaidi inailinda bastola. Chukua 1911 ya mtutu wa inchi 5 kwa risasi za .45: springi yake ya kawaida ni ya ratili 16, kama kilo 7.3. Ukiweka kali zaidi kwa risasi zilezile, slaidi inaweza isifike nyuma kabisa, ganda likabanwa kwenye mlango wa kutokea. Na ikirudi, inarudi kwa kishindo na kuupiga mtutu na fremu kwa nguvu zaidi. Mzigo umehamishwa kutoka safari ya kwenda nyuma hadi safari ya kuja mbele. Anayeanza achukue ukali uleule wa kiwandani.

Lini ubadilishe? Kwa Beretta 92 kipimo kinachotajwa sana ni risasi 5,000. Kwa Glock kuna jaribio lisilohitaji kuhesabu: bastola ikiwa tupu kabisa na imekaguliwa, elekeza mdomo juu kwa nyuzi 45, vuta triga na kuishikilia, vuta slaidi nyuma kisha iachie polepole kwa mkono. Slaidi isipofunga kabisa mbele yenyewe, springi imekwisha.

Yote haya yako kundi la kwanza. Ukikosea, bastola itagoma kule uwanjani nawe utarudi mezani.

Vilengeo: hapa ndipo pesa na hasira huishia

Vilengeo viko kundi la pili, na ndivyo wengi hukimbilia mapema. Kabla ya kuvibadilisha kwa sababu "bastola inapiga chini", mpe bastola mtu mwenye uzoefu aipige akiwa ameegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Mpigaji mpya wa mkono wa kulia anayevuta triga kwa kishindo hupiga chini kushoto, bastola yoyote ile. Kilengeo kipya hakitamtibu. Kitahamisha kosa tu, na siku atakayojifunza kuvuta triga taratibu, bastola itaanza kupiga juu kulia.

Ikithibitika kwamba ni bastola, hesabu ni fupi. Zidisha kiasi ambacho risasi imekosa shabaha kwa umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Glock 17 ina kama milimita 165 kati ya vilengeo. Ikipiga chini kwa sentimita 8 kwenye mita 25, ni 80 mara 165, gawanya kwa 25,000: milimita 0.53. Kilengeo cha mbele kinatakiwa kiwe kifupi kwa nusu milimita tu. Cha mbele huenda kinyume, kirefu hushusha risasi na kifupi huipandisha. Cha nyuma hufuata unakotaka: kisukume kulia, risasi inahamia kulia. Kwa kuwa nusu milimita inahamisha risasi kwa upana wa kiganja, utaona kwa nini kugonga cha nyuma kwa nyundo "kidogo tu" humaliza siku nzima ya watu.

Halafu kuna jinsi vilivyofungwa, na hapa kila bastola ina dini yake. Glock nyingi zina kilengeo cha mbele kilichoshikwa na skrubu moja kutoka ndani ya slaidi. Kichwa chake ni cha pembe sita, cha kama milimita 4.8, na kinahitaji spana nyembamba ya kuingia kwenye mfereji. Tone moja la gundi ya kushikia nyuzi za skrubu linatosha. Ukiikaza kwa nguvu ya bega, skrubu inakatika. Kazi hiyo anayeanza aifanye. CZ 75 B ina kilengeo cha mbele kilichoshikwa na pini, kwa hiyo utahitaji panchi (fimbo ya kugongea pini) ya kipimo chake. Beretta 92FS haikupi nafasi: kilengeo cha mbele kimechongwa pamoja na slaidi, na atakayekuuzia "seti ya mbele na nyuma" kwa bastola hiyo bila kukuuliza ni toleo gani, mkwepe.

Kilengeo cha nyuma kwenye bastola nyingi kinakaa ndani ya mfereji wa kupita upande kwa upande, mpana chini na mwembamba juu, kikibanwa na chuma kwa chuma. Njia za kukitoa ni mbili. Ya kwanza ni jiliwa lenye midomo laini, panchi ya shaba na nyundo. Ya pili ni kifaa cha kusukumia vilengeo: unafunga slaidi ndani yake, unazungusha skrubu, kilengeo kinasogea robo ya zungusho kwa robo ya zungusho. Nyundo ni rahisi kununua, inaacha alama, na haikuruhusu kusogeza sehemu ya kumi ya milimita ukitaka. Kifaa kinafanya kazi safi, lakini vile vya bei ya chini hupinda kikikutana na kilengeo kilichobana, na kizuri kinagharimu kiasi ambacho mwenye bastola moja haoni faida yake. Ndiyo maana, kwa kilengeo cha nyuma, ningempelekea fundi hata kama kazi si ya hatari. Yeye kifaa anacho, na kazi kwake ni ya muda wa kunywa chai.

Sasa mfano unaonifanya nisiamini orodha za "kazi rahisi" zinazopitishwa huku na huko. Kwenye Smith & Wesson M&P, kilengeo cha nyuma kina kazi mbili. Juu unalengea. Chini yake, ndani ya slaidi, kuna kibati kidogo na springi fupi inayosukuma kizuizi cha pini ya kufyatulia, kile kinachoizuia pini isiende mbele mpaka triga ivutwe. Kilengeo ndicho kifuniko cha vitu hivyo. Ukikisukuma hadi kikatoka bila kuziba tundu, springi inaruka na kupotea kwenye zulia. Usipoiona ikiruka, utaweka kilengeo kipya kikae kizuri, kiangaze vizuri, na bastola itakuwa imepoteza kinga yake ya kuanguka bila dalili yoyote kwa nje. Kazi iliyoanza kundi la pili imehamia la tatu kimyakimya. Kwa hiyo kabla ya kusukuma kilengeo chochote cha nyuma, tazama mchoro wa vipuri wa bastola hiyohiyo na uone kuna nini chini yake.

Kuhusu aina za vilengeo sitakaa sana. Vya plastiki vya kiwandani huchakaa kwa kusuguana na ala, na cha nyuma kikivutwa dhidi ya mkanda kinaweza kupinda. Kwa shabaha ya karibu vinatosha. Vya chuma ni hatua ya kwanza ya maana. Vyenye uzi unaokusanya mwanga vinaonekana vizuri kuliko vyote mchana, usiku ni kama havipo, na uzi ukikatika unakata mwingine na kuyeyusha ncha zake kwa kiberiti. Vya tritiamu huwaka vyenyewe gizani, lakini tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, hivyo seti ya miaka 12 ina nusu ya mwanga wake. Tazama tarehe iliyochapwa kabla ya kununua vilivyokwisha kutumika. Usivigonge na nyundo, ndani yake kuna kichupa cha kioo. Na kwa kuwa tritiamu ni mionzi, baadhi ya nchi zina masharti ya kuiagiza.

Vidogo vya kundi la tatu

Sefti ya gumba ya 1911 inauzwa kama pambo: pana zaidi, ya pande mbili, ya rangi. Inatoka kwa sekunde. Lakini mpya huja ikiwa na nyama ya ziada kwenye jino lake la ndani, na lazima ichongwe hadi ilikamate jino linaloshikilia nyundo ya bastola bila kuacha nafasi. Ikichongwa kupita kiasi kwa upana wa unywele, sefti itapanda na kushuka kwa mlio mtamu, huku triga ikivutwa jino lile linasogea kidogo. Nyundo haianguki wakati huo. Inaanguka baadaye, unaposhusha sefti. Hilo nimpe fundi, wala sibishani.

Springi ya pini ya kufyatulia ni ile niliyoitaja mwanzoni. Colt walileta 1911 za Series 80 mwaka 1983 zikiwa na kizuizi cha pini. Zilizotangulia, na nyingi zinazotengenezwa hadi leo kwa mtindo wa zamani, hazina. Kwenye hizo, bastola ikianguka kwa mdomo, kinachoishikilia pini isiifikie risasi ni springi hiyo tu. Kuibadilisha kwenyewe ni rahisi: unabonyeza pini, unashusha bamba dogo nyuma ya slaidi, pini na springi vinatoka. Kama unaweka ya kiwandani, ya nguvu ileile, huku fundi akikusimamia, sawa. Kama unaweka nyepesi ili triga iwe laini, umeuza kitu usichojua bei yake.

Vipuri vya triga vya Glock ndivyo hushawishi zaidi. Bastola inafunguka kwa pini chache, panchi moja ya milimita 2.4 inatosha, na kipuri kinachopunguza uzito wa triga ni kibati kidogo cha kupinda. Ugumu wa kazi ni mdogo kuliko wa kilengeo cha nyuma. Lakini kila kitu ndani ya sanduku la triga kinashikana kwa eneo dogo la chuma juu ya chuma, na macho yasiyozoea hayaoni tofauti kati ya mshiko kamili na nusu mshiko. Anayeanza hana haja ya triga nyepesi; ana haja ya risasi nyingi kupitia ileile aliyonayo.

Kucha ya kutolea ganda iko mpakani. Ya Glock inatoka na kuingia bila kugonga chochote, na ikikosewa bastola inakwama tu. Ya 1911 ya asili ni springi yenyewe, kipande kirefu ndani ya slaidi ambacho hukunjwa kwa mkono hadi kibane ganda kwa kiasi. Kiasi hicho fundi anakijua kwa vidole. Ya kwanza fanya mwenyewe, ya pili peleka.

Cha kiwandani au cha mtengenezaji mwingine?

Kundi la kwanza, chagua kwa mkono na mfuko. La pili, vilengeo vya watengenezaji wengine mara nyingi ni bora kuliko vya kiwandani, na hapo sioni sababu ya kung'ang'ania jina. La tatu, cha kiwandani peke yake, na kwa namba ya kipuri, si kwa picha. Vipuri vinavyodai kufaa "bastola zote za aina hii" niviache rafuni. Vilevile soma dhamana: watengenezaji wengi hawaitambui bastola iliyowekwa triga ya mtu mwingine.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Bisibisi ya silaha yenye mdomo ulionyooka unaojaza mfereji wa skrubu sawasawa, maana ya kawaida ina mdomo wa kabari na ndiyo hutafuna vichwa. Panchi za shaba na za chuma, nyundo ya plastiki, miwani, trei yenye ukingo. Kwa pini iliyokunjwa yenye mpasuko, panchi yake ina kinundu katikati kinachozuia kuteleza. Ya kawaida huibana pini ikakwama. Kazi za springi ndogo zifanyie ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, mikono na bastola vikiwa ndani. Ni kituko kukitazama, na kinafanya kazi.

Ukizipanga ubavu kwa ubavu:

| Kazi | Ikikosewa | Nani aifanye | Kipuri |
|---|---|---|---|
| Vibao vya kishikio | Kinacheza | Wewe | Chochote kinachobana |
| Springi ya magazini | Inakwama | Wewe | Kiwandani |
| Springi ya slaidi, iliyofungwa | Inakwama | Wewe | Kiwandani, kizazi chake |
| Springi ya slaidi, huru | Inakwama, au inaruka | Wewe, na miwani | Ukali wa kiwandani |
| Kilengeo cha mbele cha skrubu | Inapiga pembeni | Wewe | Chuma, yeyote mzuri |
| Kilengeo cha nyuma | Pembeni; M&P, hatari | Fundi | Yeyote mzuri |
| Sefti, triga, springi ya pini | Hatari | Fundi | Kiwandani tu |

Ukienda kwa fundi, nenda na bastola tupu kwenye sanduku lake, kipuri kwenye pakiti, na maelezo ya tatizo badala ya agizo: "ganda linabanwa mlangoni kwa magazini zote mbili" linamsaidia kuliko "niwekee springi kali". Mwombe akurudishie kipuri cha zamani. Muulize pia kama ameifyatua baada ya kazi au ameikagua mezani tu.

Kuijaribu

Kazi yoyote, yako au ya fundi, hupimwa kwanza bila risasi, kwa hatua zilizo kwenye kitabu cha bastola. Kwa yenye nyundo ya nje na sefti ya mkono isiyoshusha nyundo, kama 1911 (ya Makarov na ya Beretta 92FS huishusha): vuta nyundo nyuma hadi ishike, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha shusha sefti. Nyundo isianguke. Vuta triga, ianguke; endelea kuishikilia triga nyuma, vuta slaidi na kuiachia, kisha legeza triga polepole hadi usikie mlio mdogo wa kurudi. Vuta tena, ianguke. Rudia mara kadhaa, kisha lisha kwa mkono risasi bandia uone zinaingia na kutoka.

Uwanjani, magazini ya kwanza iwe na risasi moja tu. Piga, tazama kama slaidi imebaki nyuma. Ya pili iwe na mbili. Zile mbili zina sababu: kama jino linaloshikilia nyundo au pini halishiki, zote zitatoka kwa mvuto mmoja, na ni afadhali ujue hilo bastola ikiwa na mbili kuliko ikiwa na kumi na saba. Ikitokea, weka mdomo kuelekea shabaha, toa magazini, kagua chemba, funga bastola kwenye sanduku. Usiweke nyingine mbili kuhakikisha. Zikitoka moja moja, weka tano, halafu magazini nzima, na kagua kilengeo kama hakijasogea na skrubu za vibao kama bado zimekaza.